Sangara wa Kwaresima

Watu wengi huacha nyama wakati wa Kwaresima. Wengine huacha pombe, na wapo mashujaa wachache waliowahi kuacha simu kwa siku mbili. Philemon Magesa, mkazi wa Thamesmead, London, aliamriwa aache samaki. Hakukatazwa kuwala. Alikatazwa kuwasimulia.

Ifahamike mapema kwamba Philemon hakuwa mwongo. Mwongo husema jambo ambalo halipo. Philemon alisema mambo yaliyopo, ila aliyalisha mpaka yakanenepa. Mwaka aliofika Uingereza kutoka Mwanza alikuja na sangara mmoja wa kilo arobaini ambaye, kwa maelezo yake, alimvua kwa mikono yake mwenyewe. Krismasi ya kwanza sangara huyo alifika kilo arobaini na sita. Mwaka wa kumi na moja alikuwa na kilo tisini na mbili, na alikuwa ameuvuta mtumbwi kutoka Mwanza hadi Ukerewe, Philemon akiwa ndani peke yake, mshipi ameushika kwa meno.

"Juzi ulisema kwa mguu," Sesilia, mkewe, humkumbusha kutoka jikoni.

"Nilianza na mguu," Philemon hujibu kwa utulivu. "Meno yalikuja baada ya mguu kuchoka."

Watu walicheka, Philemon akafurahi, na hakuna aliyedhurika. Tatizo lilianza pale unene ulipovuka mipaka ya ziwa. Kwenye mahafali ya Aikaeli, binti wa marehemu mdogo wake, Philemon aliwatangazia wageni kwamba walimu wa chuo kizima walikuwa wanalia kwa kuachwa na binti huyo. Kwenye posa ya binti wa rafiki yao mmoja alisimama kuwasaidia kusema, akasema familia ina ng'ombe mia nne. Upande wa bwana harusi ukaomba picha. Ilibidi watu wazima wakae wiki nzima wakitafuta picha ya ng'ombe mia nne ambayo haina Wamasai ndani yake.

Kwa hiyo Aikaeli mwenyewe alipochumbiwa na Aristote, kijana wa Kikongo wa Tottenham, mpole, mwenye kazi na mwenye wajomba saba, kikao cha familia kilikaa kwa uzito wa baraza la vita. Watu wa Aristote wangekuja kuleta posa wiki ya pili baada ya Pasaka. Nani angesimama kuwa msemaji wa upande wa binti?

Kwa desturi, jibu lilikuwa limekaa kwenye kochi likila karanga. Baba hayupo, baba mkubwa yupo. Tena Philemon alikuwa amemwahidi mdogo wake, kando ya kitanda cha hospitali, mkono ndani ya mkono, kwamba siku hiyo ikifika atasimama yeye. Ahadi hiyo hakuwahi kuinenepesha. Hakuwahi hata kuisimulia. Sesilia peke yake ndiye aliyeijua.

Aikaeli alizaliwa London. Kiswahili alikielewa chote lakini alijibu kwa Kiingereza, kama mtu anayepokea mpira kwa mguu na kuurudisha kwa mkono. Jioni ile aliurudisha polepole.

"Nakupenda, baba mkubwa. Lakini wajomba saba watakaa pale wanakusikiliza, na wewe utawaambia mimi ndiye niliyejenga Daraja la London."

"Hilo sikuwa nimelifikiria," alisema Philemon, na kila mtu aliona kwamba sasa analifikiria.

Basi Aikaeli akaweka sharti. Kuanzia kesho yake, Jumatano ya Majivu, hadi Jumamosi ya nne ya Kwaresima watakapokutana tena, kila neno la baba mkubwa liwe na uzito wake halisi. Lisizidi hata gramu. Akiweza, atasimama yeye siku ya posa. Akishindwa, atasimama mjomba wake wa mji wa Reading.

Mjomba wa Reading alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, lakini alisoma hotuba zake kwenye simu kwa dakika arobaini, na simu ikizimika alianza upya.

"Nakubali," alisema Philemon, akaweka chini karanga.

Sesilia alifanya ishara ya msalaba.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Philemon alikuwa msukuma vitanda katika hospitali moja, na njia ya kutoka wodini hadi chumba cha picha ilikuwa ndefu, imejengwa makusudi kwa ajili ya hadithi. Wagonjwa walimuuliza, kama kawaida, anatoka wapi.

"Mwanza," alijibu.

"Kukoje huko?"

"Kuna mawe," alisema Philemon, akasukuma.

Nyumbani Sesilia alimkuta amesimama dirishani, anatazama mvua.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nasema ukweli."

Hapo ndipo alipoingia Msabaha. Msabaha alikuwa dereva wa basi, Mzaramo wa Kisarawe, jirani wa ghorofa ya chini, na juu ya yote hayo alikuwa mtani. Kwa asiyejua, Msukuma na Mzaramo wametaniana tangu enzi za mababu. Mtani wako anaweza kukukejeli mbele ya wakwe, kuchukua nyama kwenye sahani yako, na siku ya mazishi yako kulala kaburini kabla yako ili apime kama utaenea. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Msabaha alikuwa ameishi chini ya Msukuma anayesukuma vitanda kwa miaka minane, na hakuna siku iliyopita bila kulitania jina hilo.

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilianza pamoja, kwa hiyo Msabaha alikuwa amefunga, naye alipanda ngazi jioni moja baada ya kufuturu akiwa amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa karatasi ya sikukuu.

"Zawadi, mtani."

Ndani kulikuwa na ufito wa kuvulia samaki, mpya, wenye mshipi, ndoana na boya dogo jekundu.

"Miaka minane," alisema Msabaha kwa huzuni ya kuigiza, "nasikia habari za samaki wa Mwanza ambao siwezi kwenda kuwaona. Lakini Mungu ni mwema. Ametuwekea ziwa hapa hapa, nyuma ya maghorofa yetu, pana kama dhambi zako. Jumamosi ya kikao, asubuhi, twende. Nataka nione hayo meno yakifanya kazi."

Ombi la mtani halikataliwi. Philemon alishukuru, akapokea ufito, akaushika upande usiofaa.

Kwa maana ipo siri ambayo inabidi itolewe sasa, kwa heshima zote. Philemon Magesa hakuwahi kuvua samaki hata mmoja tangu azaliwe. Marehemu baba yake alikuwa fundi cherehani. Philemon alikulia katikati ya vipande vya vitambaa, na mara zote tatu alizopanda kivuko cha kwenda Ukerewe alitapika kabla ya bandari kupotea machoni. Lakini usiku ule, kitandani, aliwaza: samaki mmoja. Mmoja tu wa kweli, hata awe kama kidole. Miaka kumi na moja amekuwa akila mkopo wa sangara ambaye hakuwepo. Ingekuwa vizuri kusimama mbele ya wajomba saba akiwa mtu ambaye angalau mara moja amewahi kushika samaki aliye hai.

Jumamosi ilipofika, ziwa lilikuwa la rangi ya bati. Baridi ya mwezi wa tatu, ile inayojifanya inaondoka huku imekaa mlangoni, iliwapiga usoni. Miti haikuwa na majani bado, ila ile midogo ya ukingoni ilikuwa imeanza kutoa vichipukizi kama vidole vya mtoto. Philemon alikuwa na leseni yake ya kuvua mfukoni, kiti cha kukunja, na pakiti iliyofunikwa kwa gazeti.

"Chambo ni nini?" aliuliza Msabaha. "Jamaa wale pale wana nyungunyungu."

Philemon alifungua gazeti. Harufu ilitoka, ikajitambulisha kwa kila mtu ukingoni.

"Dagaa!" Msabaha alirudi nyuma hatua mbili. "Dagaa wakavu wa Mwanza! Unamwamsha samaki wa Kiingereza asubuhi kwa baridi hii unampa mboga ya Kisukuma?"

"Sangara wa kwetu hula dagaa."

"Huyu si wa kwenu. Huyu anakula chakula kisicho na harufu, na akimaliza anasema samahani."

"Mtani, wewe umefunga. Usijichoshe."

"Ni kweli nimefunga. Nimefunga kula, kunywa na kusema uongo. Kutania sikufunga, kwa sababu ni ibada."

Philemon alilowesha dagaa wanne kwenye maji ya ziwa mpaka wakalainika, akamchagua mwenye sura ya ukarimu, akamtoboa. Alirusha mara ya kwanza, ndoana ikashika kofia ya Msabaha. Mara ya pili ikashika mti. Mara ya tatu ilienda majini, si mbali, kando ya matete, mahali ambapo hakuwa amekusudia hata kidogo, na boya jekundu likakaa juu ya maji kama tone la damu.

Wakakaa. Saa moja ikapita. Msabaha alianza kuimba polepole wimbo wa ngoma ya kwao.

"Unawafukuza."

"Nawaita. Samaki wa Kizaramo akisikia ngoma anauza shamba aje kucheza."

Ndipo nyuma yao ikasikika sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza, ikiomba kuona leseni.

Alikuwa mama wa Kihindi wa miaka sitini na kitu, koti la kijani hadi magotini, kofia ya sufu, na wavu wa mpini mrefu begani kama askari na bunduki. Chama cha wavuvi wa pale kilimweka kuwa mlinzi wa ziwa siku za Jumamosi. Philemon alitoa leseni. Mama aliisoma, akairudisha, kisha akasimama pale pale, pua yake ikifanya kazi.

"Hao dagaa," alisema, na safari hii kwa Kiswahili kilichonyooka, "ni wa Mwanza au wa Kigoma?"

Msabaha alishika kiti ili asianguke.

"Wa Mwanza, mama," alisema Philemon.

"Nilijua! Wa Kigoma hawanuki hivi." Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtoto. "Mimi Kalpana. Nimezaliwa Mwanza. Tuliondoka nikiwa na miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi natoka Tooting kwa treni mbili na basi kuja hapa, kwa sababu nyumbani kwangu hakuna anayetaka kusikia habari za samaki. Sasa leo nimepata mtu. Wewe ni mvuvi wa kule ziwani?"

Msabaha aligeuza kichwa taratibu, kama dishi la televisheni linalotafuta mawimbi.

Philemon alifungua kinywa. Kilo tisini na mbili zilipanda kutoka tumboni, zikafika kooni, mkia ukagonga meno. Hapakuwa na mwanafamilia karibu. Aikaeli asingejua. Lakini neno ni neno hata kando ya maji.

"Hapana, mama," alisema. "Sijawahi kuvua samaki. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Mimi hutapika kwenye kivuko."

Msabaha alifumba macho kama mtu anayepokea baraka.

"Rudia, mtani."

"Sirudii."

"Mfungaji masikio huwa dhaifu. Rudia hapo kwenye cherehani."

"Msabaha!"

"Basi, basi. Nimeshaiweka moyoni."

Kalpana hakucheka. Alitazama boya, akatazama matete, akamwambia Philemon avute mshipi kidogo, kidogo tu, halafu aache. Mwezi huu, alieleza, majike wanakuja kingoni na mayai yao. Sangara wa hapa si yule wa kwetu. Huyu ni mdogo, ana mistari kama pundamilia, ubavu wa manjano na mapezi mekundu, na ana kiburi kuliko ukubwa wake. Hataki kukimbiza chakula kwenye baridi. Anataka kitu kinachoonekana kimekata tamaa.

"Hapo tumempata mtaalamu," alisema Msabaha. "Mtani, kaa kama ulivyo."

Philemon alivuta kidogo, akaacha. Akavuta kidogo, akaacha.

Boya likazama.

Halikutikisika kwanza wala halikuaga. Lilikuwepo, halafu halikuwepo. Ufito ulipinda mpaka ncha ikabusu maji, na Philemon Magesa, mtu wa miaka hamsini na mitatu, msemaji mtarajiwa wa familia, alipiga kelele ya kumwita mama yake kwa Kisukuma.

"Mayu weee!"

"Shika kwa meno!" alipiga kelele Msabaha. "Meno, mtani! Mguu ukichoka, meno!"

"Inua ncha!" alisema Kalpana. "Usimvute kama ng'ombe! Mwache aende, mwache, sasa mrudishe!"

Samaki alikwenda kushoto, kiti kikaanguka. Alikwenda kulia, Philemon akaingia majini hadi vifundoni na wala hakujua. Kitu kizito, chenye hasira, chenye uhai, kilikuwa kinamgonga mikononi kupitia mshipi mwembamba kuliko uzi wa baba yake, na kila pigo lilisema: nipo, nipo, nipo. Miaka kumi na moja ya hadithi, na hakuwahi kuitaja sehemu hiyo, kwa sababu hakuwa ameijua.

Kalpana alishusha wavu, akainua.

Jike. Mgongo wa kijani, ubavu wa manjano, mistari myeusi sita imeshuka kama vidole, pezi la mgongoni limesimama kwa miiba. Tumbo limejaa mayai. Kalpana alimtazama, kisha akatoa mizani ya kuning'iniza mfukoni.

"Kilo moja na robo tatu," alisema. "Bwana Magesa, nimekuja hapa miaka kumi na tisa. Sijaona sangara mkubwa kama huyu. Kwa dagaa! Kwa dagaa wakavu!"

"Kilo moja na robo tatu," alirudia Philemon taratibu, kama mtu aliyepewa jina la mtoto wake.

"Picha!" alisema Msabaha, akitoa simu, maana mikono ya mtani wake ilikuwa imejaa. Vidole vyake vilikuwa vimekufa kwa baridi. Alipiga moja, akapiga nyingine.

Kisha Kalpana akasema lazima arudishwe. Ana mayai, na hata asingekuwa nayo, kwenye ziwa hili samaki wote wanarudi.

"Anarudi?" Msabaha alishangaa kwa dhati. "Mimi sijala tangu alfajiri, na nyinyi mnanionyesha futari halafu mnaiambia kwaheri?"

Philemon alipiga magoti kwenye tope. Alimshika samaki ndani ya maji, kwa mikono miwili, mpaka alipohisi nguvu zimemrudia. "Nenda, mama," alisema. Mkia ulipiga mara moja, na ziwa likawa la bati tena.

Kalpana aliomba dagaa wachache. Philemon alimpa wote waliobaki. Alipokwisha kuondoka, akinusa karatasi kama barua, wale wawili waliinamia simu kutazama picha.

Katika picha ya kwanza kulikuwa na kidole gumba. Kilikuwa kikubwa kama mkate, kimelala katikati. Kushoto kwake ulionekana mkono mmoja wa Philemon, kulia mkono mwingine, juu uso wake ukiwa umefunguka kwa furaha kama mlango wa kanisa. Samaki wote, kuanzia mdomo hadi mkia, alikuwa nyuma ya kidole. Katika picha ya pili kidole kilikuwa kimesogea, ili kukaa vizuri zaidi.

"Kidole kimetoka vizuri," alisema Msabaha hatimaye.

Philemon alikunja kiti. Jua lilikuwa bado juu, na kikao kilikuwa jioni ile ile.

Sesilia kila Ramadhani alimpikia Msabaha futari siku za Jumamosi, na jioni ile meza ilikuwa na uji, viazi, tambi na tende. Mjomba wa Reading alikuwa amefika mapema. Simu yake ilikuwa kwenye chaja, asilimia tisini na nane. Aikaeli alikaa kwenye zulia, miguu ameikunja, akamtazama baba mkubwa wake, ambaye soksi zake zilikuwa zinakauka kwenye hita.

"Mama mkubwa anasema umeshika sharti," alisema kwa Kiingereza chake. "Wiki zote nne. Anasema umekuwa unatisha."

"Nimejaribu."

"Na leo mmeenda ziwani. Mmepata kitu?"

Chumba kizima kiliacha kutafuna.

"Tumepata," alisema Philemon.

"Kikubwa?"

"Ngoja!" Msabaha aliinua kidole, kile kile. "Shahidi ni mimi, na shahidi amefunga. Bado dakika mbili."

Walisubiri. Adhana ililia kwenye simu yake. Msabaha alisema bismillahi, akala tende moja, akanywa maji glasi nzima, akajifuta mdomo kwa leso kwa utaratibu wa hakimu. Kisha akasimama, akaanza kutania bila breki.

Alisema ziwa lilichafuka. Alisema samaki alitoka majini mara tatu na mara ya tatu aliwasalimia. Alikuwa na urefu wa mtu mzima asiyejinyima, na mdomo ambao mtoto angeweza kulala ndani yake. Alisema Philemon alivutwa hadi kiunoni, akapigana kwa saa nzima, hakuomba msaada, na mama mmoja mlinzi wa ziwa alilia machozi. Walipompima, mizani ilisoma kilo arobaini na saba.

"Na mimi Msabaha, mtani wake, ambaye kazi yangu duniani ni kumshusha mtu huyu, nasema nimeona kwa macho haya mawili. Au nimekosea, mtani?"

Akakaa, akachukua tende ya pili.

Kila mtu alimgeukia Philemon. Hakutakiwa kusema hata neno. Heshima yote aliyoitafuta kwa miaka kumi na moja ilikuwa imeletwa mezani na mtu mwingine, imepikwa, ina mvuke. Alichotakiwa ni kutikisa kichwa tu. Na shingo ina mazoea yake. Aliihisi ikianza kuinama. Mikono nayo, bila ruhusa, ilikuwa imeinuka kutoka magotini na ilikuwa inaachana, kushoto kwenda kushoto, kulia kwenda kulia, kutafuta vipimo vya kilo arobaini na saba.

Aikaeli alikuwa anaitazama mikono hiyo. Hakuwa na hasira. Alikuwa na yale macho ya baba yake, ya mtu anayetaka kukuamini na anaomba umsaidie.

Philemon alitazama mikono yake kama mali ya mtu mwingine. Akairudisha. Akaikalia.

"Mtani anatia chumvi," alisema. "Alikuwa na kilo moja na robo tatu."

Katika nyumba ile hapakuwahi kutajwa samaki wa chini ya kilo arobaini.

"Kilo ngapi?" aliuliza mjomba wa Reading.

"Moja. Na robo tatu."

"Na huko kupigana saa nzima?"

"Dakika nne. Labda tano. Niliingia majini hadi hapa." Alionyesha kifundo cha mguu kwa kidevu, kwa kuwa mikono bado ilikuwa kifungoni. "Na nililia mayu."

"Umemvua kwa chambo gani?"

Philemon alitazama soksi zake kwenye hita. "Kwa dagaa wa Sesilia."

"Wale dagaa!" Sesilia alisimama. "Tangu asubuhi nawatafuta! Nimemlaumu mpaka mama wa duka kwamba hakuwafunga! Wako wapi waliobaki?"

"Nimempa mama mmoja wa Tooting."

"Mama gani wa Tooting?"

Hapo Aikaeli aliangua kicheko. Alicheka mpaka akalala kwenye zulia, akacheka mpaka mjomba naye akaambukizwa, na alipoinuka alikuwa anafuta machozi kwa mikono yote miwili. Akasema, na safari hii mpira aliurudisha kwa mguu, kwa Kiswahili:

"Hakuna mtu anayedanganya kwa robo tatu." Akavuta pumzi. "Utasimama wewe, baba mkubwa."

Mjomba wa Reading alichomoa simu yake kwenye chaja, bila kinyongo, akaiweka mfukoni. Philemon alitaka kusema kitu lakini alipokipima akaona kimezidi, akanyamaza. Alitoa mikono chini ya mapaja. Ilikuwa imekufa ganzi.

Baadaye kidogo, akimsindikiza Msabaha mlangoni, alimshika bega.

"Niambie ukweli. Ulikuwa unaniangusha au unaninyanyua?"

"Mtani haulizwi."

"Na ile habari ya fundi cherehani? Kwa nini hukuisema?"

"Cherehani ipi?" Msabaha alivaa viatu vyake taratibu. "Hiyo naiweka kwa ajili ya msiba wako, ndugu yangu. Nitaisema nikiwa nimelala kaburini, watu wote wasikie. Sasa kamtulize mkeo, anauliza habari za mama wa Tooting."

Siku ya posa Philemon alisimama mbele ya wajomba saba wa Tottenham, akasema kwamba Aikaeli ni mwaminifu, anajua kusikiliza, hapiki vizuri sana, na kwamba baba yake angefurahi kuwepo. Ilichukua dakika tatu. Wajomba saba walisema hawajawahi kusikia msemaji wa namna hiyo, na mmoja wao aliomba namba yake.

Aikaeli aliichapisha ile picha ya kidole, akaitia kwenye fremu, ikatundikwa sebuleni juu ya televisheni. Wageni husimama mbele yake, husogea, huvaa miwani, huuliza ni kitu gani kile kikubwa katikati.

"Hicho ni kidole gumba cha mtani wangu," Philemon hueleza kwa unyenyekevu. "Samaki yuko nyuma yake."

Na kwa kuwa Kwaresima ilikuwa imekwisha na posa imepokelewa, nyuma ya kidole kile, mahali ambapo hakuna awezaye kumwona, samaki alianza kukua.